Kibuyu Kilichokwenda Kangema

Mashine ya kwanza niliyokabidhiwa na chuo kikuu niliipoteza mnamo wiki ya tatu. Niliipoteza mchana kweupe, mbele ya shahidi mwenye akili timamu, katika mashindano niliyoyaingia kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimefundisha historia ya muziki kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka, wanafunzi wapya wakishakaa, nilikuwa nikianza na kisa hicho, maana nilitaka wajue tangu mapema kwamba anayesimama mbele yao aliwahi kuumbuka vibaya.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Nyeri. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa barazani hatua chache kutoka msikitini. Mama alizaliwa shambani, kwenye mteremko mmoja ng'ambo ya mto, akasilimu alipoolewa, akahamia mjini na ufundi wake wa kupika irio. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kikuyu nilikijua cha sokoni: cha kununua, cha kukataa bei, na cha kutukanana kidogo. Hilo lilikuja kunigharimu.

Nilipopata kazi chuoni Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama alipata taabu kuwaeleza majirani kazi yenyewe ni ipi. Alianza kwa kusema ninafundisha watu kuimba. Jirani mmoja akamuuliza kama serikali imekosa pa kupeleka pesa. Kuanzia siku hiyo akawa anasema ninafundisha "mambo ya zamani", na heshima ikarudi.

Mkuu wa idara yetu alikuwa mama mmoja aliyesomea piano ng'ambo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alinipa mkataba wa mwaka mmoja, na tepu rekoda ya idara, ambayo ilikuwa moja tu. Ilikuwa mashine ya betri, ya magurudumu mawili ya utepe, yenye taa ndogo nyekundu, nzito kama debe la viazi. Akaniambia, "Niletee muziki ambao hakuna mtu aliyewahi kuunasa, nikutafutie nafasi ya kudumu. Ukirudi mikono mitupu, tutaagana vizuri kwa chai na mandazi." Alitabasamu alipokuwa akisema hivyo, lakini nilijua hatanii.

Sikuwa na shaka nilichokuwa nikikitafuta. Mama alikuwa amenisimulia tangu nikiwa mdogo habari za gicandi. Alipokuwa msichana, watu wawili walikuwa wakikaa sokoni, kila mmoja na kibuyu chake kirefu kilichojazwa mbegu na kuchorwa alama ngozi nzima. Wanavitikisa, wanaimba, na ndani ya wimbo wanatupiana mafumbo. Anayetupiwa fumbo hulijibu kwa kuimba, tena si kwa neno moja, kwa ubeti mzima. Akishindwa, kibuyu chake kinachukuliwa na mshindi. Mama alikumbuka watu wazima wakilia sokoni.

Nilimpata mmoja wa waliobaki. Aliishi kwenye mgongo wa kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, katikati ya kahawa yake. Alikuwa amepika kwa walowezi upande wa Nanyuki zaidi ya miaka ishirini, na alipostaafu aliondoka na makoti yake meupe ya upishi, ambayo aliyavaa kila siku hata akienda kupalilia. Nilimwita guka, yaani babu, kama ilivyo desturi ya huko, na mkewe nikamwita cucu, yaani nyanya. Guka alikuwa mtu wa majivuno, wa kupenda sukari nyingi na sifa nyingi. Nilimpenda siku ile ile.

Ukutani sebuleni mwake kulikuwa na vigingi vitano. Vinne vilikuwa na vibuyu alivyovitwaa kwa kuwashinda watu, na cha tano kilikuwa kitupu.

"Na hiki?" niliuliza.

"Kilienda Kangema," alijibu cucu kutoka mlangoni. Guka akasafisha koo na kuuliza kama nimekuja kuangalia ukuta au nimekuja kwa kazi.

Nikaiweka mashine mezani uani, nikatia utepe mpya, nikamwonyesha jinsi inavyowashwa. Nikamwomba aimbe.

"Hapana," akasema. "Nani atajibu?"

"Imba tu, guka. Mimi nitanasa."

"Mimi siimbi peke yangu kama mwenda wazimu. Gicandi ni ya watu wawiri. Kibuyu yako iko wapi?"

Nikamwambia sina kibuyu. Akaizunguka ile mashine, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hii kitu inaweka maneno ndani?"

"Ndiyo, guka."

"Na inatoa sauti?"

"Inatoa."

"Basi hiyo ndio kibuyu yako. Kaa chini, mwarimu."

Nikakaa. Kanuni ya kuchukuliana vibuyu nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye daftari dakika kumi zilizotangulia, tena nikaipigia mstari. Lakini mtu aliyesoma ana namna yake ya kuamini kwamba kanuni anazoziandika zinawahusu wengine. Nikacheka, nikabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka.

Akatikisa kibuyu. Sauti yake ilitoka chini sana, ikapanda polepole, na nikasahau kabisa kwamba nilikuwa kazini. Kisha likaja fumbo. Nitalisema kwa maneno matupu, maana utamu wake ulibaki kwenye wimbo: mzee wa nchi hii huamka wa kwanza, huvaa nyeupe, na kabla ng'ombe hawajakwenda kunywa maji huwa amejifunika blanketi mpaka kichwani. Nani huyo?

Nilimtazama. Alikuwa amevaa koti jeupe.

"Ni wewe, guka," nikasema.

Cucu alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya debe lililopinduliwa, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Guka hakucheka. Aliinua mkono polepole, akaelekeza kidole nyuma ya bega langu. Nikageuka. Mlima Kenya ulikuwa pale, barafu yake ikimeremeta, na wingu la saa nne lilikuwa limeanza kuupanda kutoka kiunoni. Nilikuwa nimezaliwa chini ya mlima ule, nikaupa mgongo, nikashindwa kuutaja.

Guka alizima mashine yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama nilivyomfundisha. Akaibeba ndani, akaiweka juu ya kigoda chini ya kile kigingi kitupu. Nilifikiri ni mzaha hadi aliponiletea kikombe cha chai na kuniuliza kama najua njia ya kurudi.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea mbuzi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kibuyu huweza kukombolewa kwa mbuzi. Alimtazama yule mbuzi kwa huruma. "Kibuyu ya mtu inakombolewa na mbuzi," akasema. "Lakini hii ni ya serikari. Serikari iko na mbuzi wengi. Shinda mimi, uende nayo." Mbuzi nikarudi naye mpaka Majengo, akiniburura njia nzima, watoto wakitusindikiza.

Sasa niseme wazi hofu niliyokuwa nayo. Kila Jumatatu mkuu wa idara aliniuliza mashine inaendeleaje, nami nikamjibu kwamba iko uwanjani, inafanya kazi. Haukuwa uongo kamili. Lakini usiku nilikuwa silali vizuri. Nilikuwa mtu wa kwanza wa mtaa wetu kufundisha chuo kikuu, na baba alikuwa ameshanishonea suti ya kijivu kwa ajili ya nafasi ile ya kudumu, akaiacha bila vifungo akisema atavitia siku nitakayoandikwa. Suti ile ilining'inia dukani ikinitazama kila nilipokwenda nyumbani.

Mama ndiye aliyeniokoa. Nilipomweleza, aliguna tu, akaendelea kukanda unga. Kisha, bila kuinua kichwa, akaimba fumbo. Sikujua kama anayajua. Wasichana hawakuruhusiwa kushika kibuyu, akaniambia, lakini hakuna aliyewaziba masikio. Miezi mitatu mizima, kila Ijumaa jioni nikifika kutoka Nairobi, nilikaa jikoni kwake nikitupiwa mafumbo katikati ya moshi wa mandazi. Nikikosea, alinipiga kwa mwiko. Kikuyu changu kilipanuka kwa maumivu.

Na kila Jumamosi nilipanda kwa guka kupimwa. Nilishindwa Jumamosi kumi na moja. Alikuwa akinishinda kwa furaha isiyofichika, kisha ananifundisha jibu lote, ubeti hadi ubeti, huku cucu akituamua. Nilianza kuzisubiri Jumamosi zile. Nilianza hata kusahau nilichofuata, mpaka nikiiona ile mashine kwenye kigoda chake, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya mtu mwenye heshima zake.

Jumamosi ya kumi na mbili nilimjibu mawili. Akashangaa, akasema, "Haya, tupa yako." Sikuwa na fumbo la shambani ambalo hakulijua. Basi nikaangalia kwetu, barazani kwa baba, nikaimba: kuna mmoja mwembamba, anautoboa mlango mwenyewe, anapita, na mkia wake ndio unaoufunga.

Guka alifumba macho. Alitikisa kibuyu muda mrefu. Kisha akaimba ubeti mzuri ajabu kuhusu fuko, yule mnyama anayechimba njia chini ya viazi na kuifukia nyuma yake.

"Ni sindano," nikasema.

"Ni fuko!"

"Sindano, guka. Mkia wake ni uzi."

Tukabishana mpaka kuku wakakimbia. Mwishowe tukamgeukia cucu. Alikuwa akichambua maharagwe, akafikiri bila haraka. "Fuko iko na mkia fupi," akasema. "Haiwezi kufunga mlango."

Guka aliinuka, akanipa mgongo. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akilihifadhi lile fumbo, maana Jumamosi ya baadaye nilimsikia akimtupia mzee mwingine njiani. Aliingia ndani, akatoka na mashine, akaniwekea mikononi pamoja na kitambaa chake cha kufumwa. Juu yake akaweka kimoja cha vile vibuyu vinne. "Enda na hii pia," akasema. "Aibu mwarimu kuzunguka na kibuyu ya chuma."

Nilifika Nairobi sina kitu ndani ya tepu ila lile fumbo la mlima na aibu yangu, au ndivyo nilivyodhani. Niliiwasha ofisini kwa mkuu wa idara nikiwa tayari kwa chai na mandazi. Likapita lile la mlima, kisha ikatoka sauti ya cucu: "Imewaka? Hiyo nyekundu imewaka?" Na sauti ya guka: "Nyamaza, mama, inasikia." Kisha kibuyu, kisha wimbo.

Alikuwa ameniimbia. Wakati wote nilipokuwa nikipigwa kwa mwiko jikoni Majengo, yeye alikuwa akiketi jioni na mashine yangu, akiimba mafumbo moja baada ya jingine. Na baada ya kila fumbo alinyamaza. Alisikika akitikisa kibuyu taratibu kwa muda, mbegu tu, hakuna neno, kisha anaendelea kama mtu aliyejibiwa. Tepu nzima ilikuwa hivyo, wimbo na nafasi, mpaka fumbo la mwisho kabisa. Hilo lilihusu mgeni anayelala katikati ya nyumba, wote wanamzunguka kwa heshima, na asubuhi anatupwa nje kwa ufagio. Baada yake mbegu zilitikisika muda mrefu kuliko kote, kisha utepe ukaisha.

"Na hizi nafasi ni za nini?" aliuliza mkuu wa idara.

"Ni zangu," nikasema. "Ameniachia nijibu."

Alinitazama, akaurudisha utepe mwanzo, tukasikiliza tena. Wiki mbili baadaye baba akatia vifungo kwenye suti.

Guka aliishi miaka kama mitatu baada ya hapo, nami niliendelea kwenda. Kila nilipomuuliza habari za zile nafasi, alinijibu kwa swali: "Umejaza?" Nikimwambia bado kidogo, alisema, "Basi." Alipofariki nililia wazi mbele ya watu, na cucu ndiye aliyenishika mkono, badala ya mimi kumshika wake.

Nafasi zile zikawa kazi yangu. Karani wa maktaba ya chuo alikuwa ameandika kwenye kasha, "Tepu ina kasoro," na nilipigana naye muhula mzima hadi akafuta. Nilijifunza majibu yote, na darasani niliicheza tepu na kujibu mwenyewe, kibuyu mkononi, wanafunzi wakinishangilia. Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Majibu yangu yalikuwa mafupi kuliko nafasi. Hasa lile la mwisho. Jibu ni jivu, jivu la mekoni, mtoto yeyote analijua. Nilikuwa nikiimba jivu, naongeza madoido, na bado mbegu zilikuwa zikiendelea kutikisika zikinisubiri, nami nasimama mbele ya darasa nikitabasamu kama mtu aliyesahau hotuba.

Lakini mimi ni msomi, nikapata maelezo. Niliandika makala ndefu nikieleza kwamba mzee alimjua mwanafunzi wake kuwa mzito, kwa hiyo kwa hekima ya mwalimu wa asili akampa muda wa kufikiri. Niliisoma makala hiyo kwenye mikutano, hata ng'ambo, na watu wakapiga makofi. Niliona fahari kubwa. Si kila mtu aliyetungiwa ukimya maalumu kwa ajili ya uzito wake.

Zikapita baada ya hapo Jumamosi nyingi. Katikati ya miaka ya themanini, muhula mmoja, nilicheza tepu kama kawaida. Ilikuwa wiki ya tatu ya masomo, baada ya kile kisa changu cha kufungulia. Tukafika kwenye fumbo la mwisho, nikaimba jivu langu na madoido yangu, nikanyamaza, nikatabasamu. Mbegu zikaendelea. Ndipo sauti ya msichana ikatoka safu ya pili kutoka nyuma.

Hakusimama. Aliimba akiwa ameinamia daftari, kama mtu anayefua nguo. Aliimba kwamba mgeni huyo hatupwi. Hupelekwa mgombani, akawekwa shinani, akanyeshewa mvua mbili, na mwaka ukigeuka anaingia tena kwa mlango ule ule amebebwa mabegani, akiwa mkungu wa ndizi, na nyumba nzima inamkaribisha bila kumtambua. Alipomaliza neno la mwisho, mbegu zikanyamaza na utepe ukaisha. Hapakuzidi wala hapakupungua.

Darasa lote likageuka kumtazama. Mimi nikakaa juu ya meza.

"Umejifunza wapi hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa babu yangu, sir. Alikuwa anaimba akichuma chai. Sisi tulikuwa tunafikiri ni wimbo ya chai."

"Nyumbani ni wapi?"

"Kangema."

Alinieleza mengine nje, chini ya ngazi, huku wenzake wakienda kula. Babu yake alikuwa amemshinda mtu mmoja wa Nyeri, zamani, sokoni, akachukua kibuyu chake. Mwezi uliofuata yule mtu akarudi na kibuyu kingine kukikomboa cha kwanza. Akatupa fumbo lile la mgeni anayetupwa kwa ufagio. Kabla halijajibiwa, askari wa serikali ya ukoloni wakaingia sokoni na kuwatawanya watu, mikutano ilikuwa imepigwa marufuku. Ikaja miaka ile ya hali ya hatari, watu hawakuweza kuvuka kutoka mahali hadi mahali bila kibali. Babu yake aliutunga ubeti wa jibu akauimba mpaka akafa, miaka kama saba baada ya Uhuru.

"Na kibuyu?" nikauliza.

"Iko nyumbani. Tunapaka mafuta ya mbarika kila mwaka. Babu alisema tusiuze, tusichezee, mwenyewe atarudi."

Nilimwambia aende akale. Nikafunga mlango wa ofisi, nikacheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Miaka yote ile nimeamini nimeachiwa nafasi mimi, kumbe nilikuwa nimekalia kiti cha mtu. Guka aliposhika ile mashine inayobeba maneno, alikuwa amepata kwa mara ya kwanza njia ya kulirudia swali lake, na kila fumbo kwenye tepu alilipimia urefu wa beti za mtu wa Kangema, aliyekwisha kufa, beti alizozijua tangu sokoni, pumzi kwa pumzi. Mimi nilikuwa mchukuzi tu. Na kwa kanuni za mchezo alikuwa ameshindwa tena kukikomboa kibuyu chake, maana swali lake limejibiwa.

Jumamosi hiyo tulikwenda Kangema, mimi na yule msichana, nikiwa na kibuyu changu. Mama yake na shangazi zake walitupokea kwa viazi na chai ya maziwa mazito, wakatoa kibuyu kutoka ndani ya sanduku, kimefungwa kwa sweta ya mtoto. Kilikuwa kinang'aa. Alama zake zilikuwa za mkono ule ule uliochora kibuyu alichokuwa akikitikisa guka siku zile za mafumbo. Nikawauliza kama watakubali mbuzi. Shangazi mkubwa akasema mbuzi wanao. Akamtazama msichana, na msichana akakichukua kibuyu cha guka, akakaa juu ya mkeka mbele yangu. Nadhani hakuna mwanamke aliyewahi kukitikisa.

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wake, na bado nilikikumbatia kibuyu changu kama mtoto. Alinitupia mafumbo mawili nikajibu, la pili kwa shida. Kisha ikawa zamu yangu. Kila nililolikumbuka nililifundishwa na guka au na mama, na kila la kwao lilikuwa limejulikana na babu yake. Nikabaki na moja. Nikaimba lile la mwembamba anayetoboa mlango mwenyewe, akapita, mkia wake ukaufunga.

Alitikisa mbegu. Alinitazama, akainama. Akatikisa tena, muda mrefu, taratibu, mpaka shangazi zake wakaacha kutafuna. Kisha akatikisa kichwa, akakiweka kibuyu mikononi mwangu.

Cucu alikuwa hai bado, mgongo umepinda, macho makali. Nilifika kwake Jumapili asubuhi, nikamsimulia kila kitu, nikianza na habari mbaya.

"Ati ameshindwa tena?" akasema. "Hata huko ariko?" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

Nikamfungulia sweta. Akaacha kucheka. Alipitisha kidole kwenye alama moja moja, mdomo ukicheza bila sauti, naye ni mtu aliyekuwa akituambia siku zote kwamba hajui kuzisoma.

"Ulimshinda na gani, huyo msichana?"

"Na ile ya sindano, cucu."

"Na hakujua?"

"Alinyamaza."

Nikalisema hilo, na papo hapo nikakumbuka. Kisa cha sindano, na fuko, na mkia mfupi, nilikuwa nimekisimulia darasani siku ya kwanza ya muhula, kama ninavyokisimulia kila mwaka. Alikuwepo, na jibu alilisikia. Alicheka kuliko wote, ndiyo maana nilimkumbuka alikokaa.

Nilimwambia cucu. Alinitazama, kisha akayatazama mashamba kupitia mlango uliokuwa wazi, upande wa Kangema.

"Huyo," akasema, "ni mchezaji."

Akanishika bega, akapanda juu ya kile kigoda, nami nikamshika kiuno asianguke. Kigingi kilikuwa kimeshika vumbi. Akakipangusa kwa kiganja, akatundika kibuyu mwenyewe.